Olivia Rodrigo angeweza kujaza arena toka 2022, kwanini alisubiri mpaka 2024? Tuna mdogo wetu hapa Mbeya anaambiwa akapige Sokoine

binti_uyole

Wakuu habari za jioni, naomba tujadili hili kwa utulivu maana si umbea, ni jambo linatuhusu nyumbani. Nipo Uyole, namsaidia binti mmoja anaimba, ni mtoto wa mama mdogo, ana wimbo mmoja redio za huku zinaupiga sana, ukipanda bajaji Mwanjelwa kwenda Mafiati lazima uusikie. Sasa kuna promota katufata anasema tusipoteze muda na vikumbi, twende moja kwa moja uwanja wa Sokoine sikukuu ya Pasaka, steji na mitambo ataleta yeye kutoka Dar, sisi tulete jina tu na tuchangie hela ya matangazo. Binti anataka, mama yake anataka, mimi ndo nimesita.

Kilichonifanya nisite ni huyu Olivia Rodrigo, mwimbaji wa Marekani, nimemfatilia toka mwanzo na shoo yake ipo Netflix toka Oktoba 2024, nimeiangalia mpaka naijua. Hebu oneni mtiririko wake: wimbo wa kwanza Januari 2021 unakaa namba moja Marekani wiki 8, albamu Mei mwaka huohuo, Aprili 3, 2022 anabeba tuzo 3 za Grammy ikiwemo ya msanii mpya bora, halafu siku mbili mbele anaanza ziara yake ya kwanza... kwenye kumbi za watu elfu chache! Tiketi zikaisha palepale na mashabiki wengi wakabaki nje wanalia. Arena zenyewe (yale majumba makubwa ya michezo yenye paa) kaja kuzipanda Februari 23, 2024, na albamu ya pili, hapo ndo katimiza miaka 21 siku tatu nyuma.

Swali langu, mtu ambaye dunia nzima inamuimba alikuwa anaogopa nini? Na hizo ziara za arena zinaendeshwaje hasa, hela inatoka wapi inaingia wapi, maana nahisi jibu la huko ndo litanisaidia kumjibu promota wa hapa. Wenye uelewa naombeni.

---

fundi_ipogolo

Kamwene dada. Mimi ni fundi mitambo, nipo Iringa, nimefunga spika na trasi (fremu za chuma za kuning'inizia taa na spika) kuanzia harusi za Kihesa mpaka matamasha ya pale Samora, kwa hiyo nitaongelea upande ninaoujua.

Kwanza hakuogopa. Mwenyewe alisema wazi kipindi kile kwamba hataki kuruka hatua. Na kuna kitu wengi hawakijui, shoo yake ya kwanza ya 2022 ilikuwa Portland, Oregon, sehemu inaitwa Theater of the Clouds. Ile sio jengo la peke yake, ni arena ileile ya Moda Center wanayochezea timu ya mpira wa kikapu, wanaikata kwa mapazia inakuwa ukumbi mdogo. Yaani binti kasimama ndani ya arena kabisa, halafu wameifanya ndogo ili imtoshe. Mimi nikikaa nikawaza hilo naona kuna watu wazima nyuma yake wanaojua kazi.

Sasa kwanini ilikuwa haimtoshi? Hesabu nyimbo. Albamu ya kwanza ina nyimbo 11, ukizipiga zote mfululizo ni kama dakika 34. Mtu kanunua tiketi ya arena, kalipa nauli na parking, anataka saa moja na nusu. Hizo dakika nyingine utamuimbia nini? Mpaka albamu ya pili imetoka Septemba 2023 na nyimbo 12 ndo anapata shoo inayojaa bila kubabaisha. Wako ana nyimbo ngapi?

Pili ni jengo. Arena thamani yake ipo juu, kwenye paa. Paa lile limejengwa na vyuma vya kubeba tani na tani, ukifika na malori yako asubuhi (kwa ziara ya arena malori kumi na kuendelea ni kawaida), kitu cha kwanza hakishushwi hata kipaza sauti. Wanaingia jamaa na tepu na chaki wanachora alama sakafuni, kila alama inamaanisha hapo juu kuna ndoano. Wengine wanapanda darini kwenye vyuma, wanashusha kamba, wanavuta minyororo ya winchi, ndo baadae trasi inapanda na taa zake na spika zimening'inia kama vichane vya ndizi pande mbili. Ule mwezi wa bandia, kama wa angani, aliokalia Olivia akapita juu ya vichwa vya watu usingewezekana bila paa la namna hiyo, na kila mahali inabidi upigiwe hesabu upya kwa sababu hakuna paa linalofanana na lingine. Usiku shoo ikiisha inashuka yote, inapakiwa, asubuhi ipo mji mwingine.

Sokoine hakuna paa. Kila kitu unakijenga kutoka chini kwenye nyasi, steji, paa la steji, minara ya spika, uzio, jenereta mbili maana moja ikizima umeumbuka. Mitambo ipande mlima Kitonga na semi, ifike Mbeya, ifungwe siku nzima. Ile ni gharama ya tamasha lenye wasanii ishirini na wadhamini wa simu na bia, haibebwi na binti mmoja mwenye wimbo mmoja. Kwa hiyo kabla hujaongea lolote muulize promota akuoneshe karatasi ya gharama, mstari kwa mstari. Asipokuwa nayo hana shoo.

---

tukuyu_kwetu

Fundi nakuheshimu lakini mnamtisha dada wa watu. Huu utaratibu wa ngazi kwa ngazi ni wa Marekani ambako msanii ana kampuni nyuma ya mgongo inayomlisha akisubiri. Huku wimbo una msimu, miezi mitatu kimya watu wamehamia kwingine. Ukipata nyomi, piga.

Halafu kubana watu kwenye ukumbi mdogo wakati jina limeshakuwa kubwa nako kuna hatari yake. Mnakumbuka ya Asake, yule msanii wa Nigeria? Desemba 15, 2022, London, ukumbi wa Brixton Academy unaochukua watu chini kidogo ya 5,000, nje wakaja wengine kibao bila tiketi, wakasukuma milango, watu wawili wakafa. Wawili! Mmoja alikuja kusikiliza muziki, mwingine alikuwa kazini, mlinzi. Ukumbi ulifungwa mpaka 2024. Na Agosti 2023 huyohuyo Asake akajaza O2 Arena ya watu 20,000, maana yake watu walikuwepo muda wote.

Na sisi Mbeya tusijidharau. Rayvanny ni mtoto wa hapahapa, Novemba 2021 alisimama na Maluma kwenye tuzo za MTV Ulaya, arena ya Budapest, na wimbo una Kiswahili ndani. Nani alijua? Dada mwache binti apande.

---

makambako_to_london

Nimekuta huu uzi nimefurahi mno, mimi ni wa Makambako nipo London naosha wazee (kazi halali kabisa) na mwezi Mei 2024 niliingia kwenye shoo ya Olivia pale O2, alipiga usiku 4. Naomba niongee upande wa shabiki maana naona mmeongelea vyuma tu.

Tiketi za kawaida zilikuwa zimeisha na zinazouzwa na walanguzi mtandaoni sizigusi. Nilichopata ni zile alizoziita Silver Star, alitenga tiketi za dola 20 au kiasi kinachofanana kwa hela ya nchi uliyopo, zinatoka chache chache karibu na siku ya shoo, mtu mmoja mwisho mbili. Utamu wake upo hapa: huoneshwi kiti chako. Unaenda siku hiyohiyo dirishani na kitambulisho, ndo unapewa karatasi unajua umeangukia wapi, inaweza kuwa juu kabisa kwenye kona, inaweza kuwa chini karibu na steji, ila wawili mnakaa pamoja. Mlanguzi anashindwa kuiuza maana hana cha kuuza mpaka siku yenyewe na lazima aje na jina lake. Pembeni yangu alikaa mama na binti yake wa kama miaka kumi, yule mama kashika mfuko wa biskuti toka nyumbani kwa sababu vitu vya ndani bei zake haziongeleki, mtoto ana utepe zambarau kichwani, na ule mwezi ulipopita upande wetu mtoto hakupiga hata picha, aliinua mikono yote miwili tu akawa anaimba kila neno huku machozi yanamtoka. Mimi mwenyewe nililia na sioni aibu.

Na Oktoba 2024 alivyoenda Ufilipino, kwa kina baba yake maana babu mzaa babu alitokea kule, pale Philippine Arena ya watu kama 55,000 tiketi ZOTE zilikuwa bei hiyo ya chini, peso 1,500, na faida ikaenda kwenye afya ya wanawake na wasichana. Ziara nzima iliuza tiketi zaidi ya milioni 1. Kwa hiyo alivyosubiri hakupoteza kitu, mashabiki wa 2022 waliokosa walikuwa bado wapo wanamsubiri na wakaleta na wadogo zao.

@tukuyu_kwetu la Asake ni kweli na linauma, lakini ukiangalia vizuri tatizo la pale ni mlango na watu wasio na tiketi. Uwanja mkubwa wenye mlango mbovu utaua wengi zaidi.

Afrika hakufika kwenye ile ziara, hicho ndo kinaniuma.

---

binti_uyole

Ndaga fijo wote, sikutegemea kupata majibu ya hivi. Fundi, nyimbo anazo 4, zilizotoka ni 2. Hapo kwenye dakika 34 umenimaliza.

Naomba sasa mtu anieleze upande wa hela, promota anasema tutagawana nusu kwa nusu na kwangu inasikika vizuri, je wenzetu wanagawanaje?

---

mhasibu_soweto

Dada binti_uyole, mimi nafanya hesabu za watu, na mambo ya burudani nayafuatilia kwa mapenzi. Nipo Soweto hapahapa Mbeya.

Kwenye ziara za arena za wakubwa utaratibu uliozoeleka ni huu: promota anamuahidi msanii hela ya uhakika kwa kila shoo, watu waje wasije anailipa. Baada ya hapo tiketi zikiuzwa, zinatolewa gharama zote zilizokubaliwa, ukumbi, matangazo, ulinzi, vibarua wa kushusha na kupandisha, bima. Kinachobaki ndo kinagawanywa, na msanii mkubwa anachukua kama asilimia 85 promota 15. Inaonekana promota anaonewa lakini ana vyanzo vingine, ada za tiketi, vinywaji, parking. Na msanii naye kwenye fungu lake analipa bendi, wacheza shoo, malori, mabasi, hoteli, meneja, wakala. Ndo maana fulana na mabango yana umuhimu mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na hata hapo arena nyingi zinakata asilimia yake.

Sasa rudi kwako. "Nusu kwa nusu" ya nini? Ya mapato yote ya mlangoni au ya kinachobaki baada ya gharama? Na gharama nani anaziandika? Kama ni kinachobaki na mwandishi wa gharama ni yeye, basi usiku wa Pasaka utaambiwa hakijabaki kitu. Pia nimeona kwenye maelezo yako anataka mchangie matangazo. Hapo mimi ningesimama. Kazi ya promota ni kuweka hela yake mbele, hiyo ndo inampa haki ya kuitwa promota. Ukichangia wewe umeshakuwa mbia, na mbia anaona vitabu, anasimama mlangoni, anahesabu vishina vya tiketi.

Jingine, hata waliojipanga huwa wanapigwa na yasiyotarajiwa. Billie Eilish alianza ziara yake ya kwanza ya arena Machi 2020, kapiga shoo tatu tu, korona ikafunga kila kitu. Huyu Olivia naye Mei 2024 shoo zake mbili za Manchester ziliahirishwa kwa sababu jengo jipya la Co-op Live lilikuwa na hitilafu, kifaa cha mfumo wa hewa kilidondoka toka juu siku chache kabla, akazifidia mwisho wa Juni na Julai mosi 2025. Mwaka mzima na zaidi! Wenzetu wana bima na mikataba ya kubeba hayo. Nyie Sokoine mvua ikinyesha nani anabeba?

---

fundi_ipogolo

Hapo kwenye mvua mhasibu kagusa penyewe. Pasaka Mbeya? Machi Aprili? Mvua inashuka mchana mpaka usiku, ule uwanja unakuwa tope, spika unazifunika na turubai, umeme na maji vinakutana. Mimi kwa binti mdogo hivyo nisingefunga waya hata ulipe nini. Wenyeji wote tunajua mambo ya nje ni kuanzia Juni, baridi lipo kali lakini watu wanavaa makoti wanakuja.

---

tukuyu_kwetu

Sikujua kama ni Pasaka, nilipitiliza. Pasaka nje sikubaliani nayo hata mimi. Ila bado nasema asikae kimya akisubiri nyimbo 20, wimbo utakufa.

---

makambako_to_london

Asikae kimya, awe anafungua shoo za wengine. Tena mfano upo kwenye ziara hiyohiyo. Olivia alivyoanza 2024 aliyekuwa anatangulia kwenye steji ni Chappell Roan, wana mtayarishaji mmoja Dan Nigro, na albamu yake ilitoka Septemba 2023 mwezi uleule na ya Olivia ila wengi walikuwa hawamjui. Kila usiku anakuta maelfu wamekaa, wengine bado wanatafuta viti, anaimba dakika zake anashuka. Haikufika mwisho wa mwaka yule dada kawa mkubwa, Agosti alijaza watu Chicago kwenye tamasha mpaka picha zikazunguka dunia, na Februari 2025 naye akabeba Grammy ya msanii mpya bora. Dakika thelathini mbele ya watu wa mwenzio, unatoka na mashabiki wako, gharama za jengo hazikuhusu.

Fiesta na matamasha mengine yakija huko nyanda za juu huwa wanatafuta wasanii wa mkoa wa kufungua. Hapo ndo pa kumsukuma.

---

binti_uyole

Wakuu nimeongea na promota leo. Nilimuomba karatasi ya gharama, kasema ataileta "tukishakubaliana". Nikamuuliza mvua, akasema tutaomba Mungu. Nikamwambia hela ya matangazo hatutoi, hapo akawa mkali kidogo akakata simu. Mama mdogo kanuna, binti kalia, ila nimemkalisha nikamuonesha hii ya Portland ya kukata arena kwa mapazia na akaelewa kuliko nilivyotegemea, kasema mwenyewe "kwa hiyo hata yeye walimpunguzia ukumbi".

Wazo letu sasa ni Juni, ukumbi wa ndani hapa mjini wa watu mia kadhaa, apige nyimbo zake 4 na nyingine mbili tatu za kuimba na bendi bila mitambo mikubwa, dakika 45, na tuchukue wasanii wengine wawili wa Mbeya wamtangulie. Kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) nitafuatilia mwenyewe. Kinachonisumbua ni kiingilio. Wengi wanaompenda ni wanafunzi, wengine wanatoka Mbalizi. Elfu kumi nahisi ni nyingi, elfu tano sijui kama italipa.

---

mhasibu_soweto

Anza na gharama ndo upate bei. Jumlisha ukumbi, mitambo, ulinzi, kibali, chakula cha wasanii, mabango, halafu gawa kwa nusu ya watu wanaoingia, isiwe wote. Ukipanga bei kwa matumaini ya kujaza utalia. Kwa ukumbi wa aina hiyo elfu tano mbele na elfu tatu kwa wenye kitambulisho cha mwanafunzi nadhani itasimama, ila nitumie namba zako nikupigie hesabu bure, sitaki kitu.

---

fundi_ipogolo

Mitambo ya ukumbi wa watu mia kadhaa usikubali zaidi ya spika mbili mbili kila upande na miksa ya kawaida, fundi wa hapohapo Mbeya anakutosha, usinibebe mimi kutoka Iringa kwa nauli ya bure. Bendi ije mchana saa sita wafanye saundcheki mpaka binti ajisikie vizuri kwenye spika za miguuni, hapo ndo waimbaji wachanga wanaharibikiwa, anashindwa kujisikia anaanza kupiga kelele sauti inakatika wimbo wa pili.

---

makambako_to_london

Na milango ifunguliwe saa nane, shoo iishe saa kumi na mbili. Watoto wa Mbalizi wawahi daladala, wazazi watawaruhusu tena siku nyingine. Tiketi kumi za wanafunzi nalipia mimi, nitatuma kwa simu ukishapata tarehe.